Anayegonga Chini ya Sakafu

Wapendwa, leo sina maneno mengi, na wanaonijua wanajua kwamba hilo ni jambo la kuogopa. Wekeni chini vitabu vya nyimbo mnisikilize. Mama mwenye mtoto anayelia, usitoke nje, kaa naye hapo hapo. Akilia tutamvumilia.

Kulikuwa na kanisa moja katika nchi kame, nchi ambayo wanawake waliondoka na ndoo alfajiri wakarudi jua likiwa utosini. Kanisa lenyewe lilijengwa juu ya jabali. Siku moja washirika wakasema, "Mpaka lini? Tuchimbe kisima hapa hapa, kijiji kizima kinywe." Wakachimba nyuma ya kanisa, pembeni mwa lile jabali. Wanaume waliingia shimoni kwa zamu, wanawake wakavuta udongo juu kwa ndoo na kamba. Na kwa kuwa sauti ya aliye chini haisikiki vizuri juu, walipatana alama: akigonga mara tatu kwa sururu, maana yake vuta. Baada ya miezi miwili wakafika kwenye udongo wenye unyevu. Mtu akiuchota na kuuminya, unashikana kiganjani. Walilia kwa furaha, nami nisingewacheka.

Sasa niulizeni waligombana lini. Siku hiyo hiyo! Maji ya kulowesha ulimi hayajaonekana, wao wameshaanza kugombania jiwe litakaloandikwa nani alichimba. Jumuiya ya upande wa juu wa kijiji wanataka jina lao litangulie, jumuiya ya chini wanasema, "Wachimbaji wametoka kwetu, ninyi mlileta uji tu." Unacheka wewe? Haya, cheka, bado mapema.

Ilipofika Jumapili kanisa lilikuwa limeshapasuka. Hawa wakabaki na kanisa, wale wakabaki na shimo. Waliobaki na kanisa walikuwa na magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Wakayafungia stoo kwa kufuli. Waliobaki na shimo wakasema, "Mungu wetu hahitaji magogo ya mtu," wakaendelea kuchimba hivyo hivyo. Hata nyumba ziligawanyika. Kulikuwa na mchimbaji mmoja, hodari kuliko wote. Yeye alikwenda na wa shimo, mke wake akabaki na wa kanisa. Nyumbani walikula sahani moja wakiongea habari za mbuzi na mtama, basi.

Jumatano moja, saa sita mchana, wa kanisani walikuwa katika maombi ya kufunga. Jua kali, milango wazi, hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Mara wakasikia: ngo, ngo, ngo. Kimya. Kisha tena: ngo, ngo, ngo.

Wa kwanza kusikia alidhani kuna mtu mlangoni, akageuka, hakuna mtu. Mwingine akatazama dari. Halafu mmoja baada ya mwingine wakainamisha vichwa, maana sauti ilikuwa inatoka chini ya sakafu. Vumbi lililotua kwenye benchi la mbele, ambalo lilikuwa tupu tangu wenzao waondoke, lilikuwa linaruka kidogo kila sauti ilipogonga. Niambie, wewe ungefanyaje? Chini ya kanisa lile hapakuwa na chumba wala pango mtu alilolijua, ni jabali tu. Watu wazima na ndevu zao waliinua miguu, wakaikunja juu ya mabenchi.

Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kabla ya kugawanyika alikuwa mvuta kamba. Akamwambia mzee wa kanisa kwa sauti ya chini, "Mzee, mbona kama ile alama yetu ya kuvuta?"

Mzee wa kanisa jasho lilikuwa linamtoka. Akasema, "Bibi, shimo lao liko nje kule nyuma. Hii inatoka hapa, chini ya madhabahu. Shetani naye ana masikio. Ameisikia alama yetu, sasa anatuigiza ili tuache maombi."

Bibi akarudi kwenye maombi. Alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa hupenda kuambiwa na mkubwa kwamba anachokifikiria siyo.

Basi akasimama yule mke wa mchimbaji. Mama huyu alikuwa na karama ya maombi, na sauti yake ilifika mbali. Akanyoosha mkono kuelekea sakafuni, akasema, "Nyamaza! Kwa jina la Yesu, nyamaza!"

Kile kitu kikagonga kwa nguvu zaidi, na kwa haraka.

"Mnaona?" mzee wa kanisa akapiga kelele. "Anakasirika! Msimpe nafasi!"

Wakasimama wote, wakakemea. Wakapiga miguu sakafuni. Nusu saa nzima. Na kweli, wapendwa, kile kitu kikaanza kulegea. Mara tatu ikawa mbili. Mbili ikawa moja, na hiyo moja ikachelewa sana kuja. Kisha hakikugonga tena. Kanisa likalipuka kwa shangwe, wakaimba haleluya, wengine wakacheza mpaka viatu vikatoka. Na mimi ningekuwepo ningecheza.

Maombi yalipokwisha, yule mama alipita nyumbani akachukua chakula cha mumewe, akakipeleka shimoni. Amefunga, lakini mume ni mume. Alipofika hakukuta mtu juu. Akachungulia. Akaona wanaume wanne chini wanachimba kwa mikono na kwa sufuria moja, hakuna anayesema neno. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka.

Akauliza, "Mume wangu yuko wapi?"

Hakuna aliyeinua uso.

"Nawauliza ninyi! Na kama kuna jambo, kwa nini hamkupiga yowe?"

Maana katika nchi ile hata ng'ombe akitumbukia korongoni watu hupiga yowe, na kijiji kizima huja. Mmoja wao akajibu, midomo imejaa vumbi, "Tungepigaje, shemeji? Mngesema Mungu ametuhukumu."

Je, alikosea? Si ndivyo wangesema?

Mama akauliza, "Yuko upande gani?"

"Alikuwa anafuata unyevu. Unyevu umeingia chini ya jabali, naye akauchimbia huko huko. Udongo ukaanguka nyuma yake." Akaonyesha kwa kidole upande wa kanisa.

Mama akasimama pale, chakula mkononi. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Ana sururu?"

"Anayo."

Hapo ndipo alipopiga yowe, na wanasema yowe lile halikuwa la kuita watu.

Lakini watu walikuja. Wa kanisani walitoka mbio, wakavunja kufuli lao wenyewe, wakabeba magogo. Mzee wa kanisa akashuka shimoni na suti yake ya Jumapili. Wakashikiza kuta, wakachimba, wakapokezana ndoo, hawa na wale, na hakuna aliyeuliza huyu ni wa wapi. Ilipofika alasiri wakamfikia. Walimtoa akiwa bado anapumua, kwa shida, udongo puani na masikioni.

Mkewe akakiweka kichwa chake mapajani. Akamwambia, "Kwa nini uliacha kugonga? Mume wangu, kwa nini uliacha?"

Akajibu kidogo kidogo. "Nilikusikia. Kwenye mwamba sauti inapita. Nikaijua ni yako, nikagonga kwa nguvu ili unijue." Akavuta pumzi. "Halafu nikasikia unasema ninyamaze kwa jina la Yesu."

Mkewe akamfuta udongo puani.

"Nikanyamaza," akasema yule mtu.

Naona mnanitazama, mnataka kujua kama alipona. Sisemi. Nikisema alipona, mtapiga makofi mwende kula. Nikisema alikufa, mtawasikitikia watu msiowajua, na hiyo nayo ni raha. Mimi nauliza hivi: sisi tunamkemea nani?

Wiki tatu zilizopita upepo uliezua paa la kanisa la wenzetu wa ng'ambo ya barabara. Ni watu waliobatizwa hapa, katika maji haya haya, kabla hatujagawanyika. Tangu siku ile wanasali juani. Na humu ndani mtu mmoja alisema, "Bwana amesema nao." Nilisikia. Na nilisikia mkiitikia amina. Mimi mchungaji wenu sikusema kitu. Nilitazama chini nikificha tabasamu. Naona haya kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili iliyopita walipoanza kuimba, sisi tulifanya nini? Tuliongeza sauti ya spika. Tulidhani tunamsifu Mungu, kumbe tulikuwa tunawaziba mdomo watu wanaomwita yeye yule tunayemwita sisi. Siku nyingine wakiita kwa sababu wanaangamia, tutajuaje? Tutasema tumeshinda, maana kule kumetulia.

Basi leo sitoi baraka hapa. Bati zile za jiko letu jipya ziko nyuma ya kanisa, na misumari iko kwenye ndoo ya bluu. Maseremala, inukeni. Kwaya, acheni vinanda, bebeni bati, wawili wawili. Zima hiyo spika. Na yule aliyesema Bwana amesema nao, simtaji jina, aje anishikie ngazi, maana mimi nitapanda wa kwanza. Baraka tutaipokea kule juani pamoja nao, kama watakubali kutufungulia.