Bi Kindi, Ngiri na Sanduku la Mchicha

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika mboga jikoni, Bi Kindi alipanda mchicha kwenye sanduku kubwa la mbao lililojaa udongo. Wanawe walikuwa wengi, na mchicha huo ndio uliowalisha.

Mchwa wakaja. Kru, kru, kru! Wakatafuna mbao mpaka ubavu mmoja ukabomoka, udongo ukamwagika.

Jirani yake, Bwana Ngiri, akacheka. Yule bwana alijaliwa nguvu, adabu hakujaliwa.

"Mwaga sumu, jirani!"

"Nimwage sumu kwenye chakula cha watoto? Thubutu!"

"Basi sanduku lako litabomoka tena. Likibomoka kabla masika hayajaisha, kiwanja hiki changu. Nitagaagaa matopeni hapa hapa!"

"Lisipobomoka?"

"Hutaniona tena mlangoni kwako."

"Haya, tumepatana."

Bi Kindi akaliunda sanduku upya, akalipandisha juu ya mawe, kama sufuria juu ya mafiga. Mchwa hapendi mwanga. Ili afikie mbao ilimbidi ajenge kijia cha udongo juu ya jiwe, na kijia hicho kila mtu hukiona. Ukikivunja, anaanza upya. Lakini vijia vilikuwa vingi na vigumu, na mikono ya Bi Kindi ni midogo. Akakaa chini, akalia.

Kisha akafuta machozi, akaenda kwa Ngiri.

"Jirani, nakuomba sana. Vile vijia vya udongo kwenye mawe yangu, usiviguse."

"Kwani vina nini?"

"Ah! Usiniulize, bwana."

Ngiri akawaza. Nani asiyejua kwamba kindi hufukia karanga? Alfajiri akanyata, akapiga magoti kama ngiri wanavyokula, akachimbua kwa pua. Fuu! Kijia kikavunjika, karanga hakuna.

"Zitakuwa kwenye kingine," akasema. Fuu! Fuu!

Kesho yake mchwa walikuwa wamejenga tena. Ngiri akadhani Bi Kindi amefukia upya, akarudi. Ikawa ndiyo kazi yake masika yote.

Mvua zikakatika. Sanduku limesimama imara, mchicha umefunika mbao.

"Nani amekulindia?" Ngiri akanguruma.

"Mlinzi mmoja hodari, bwana. Huja alfajiri, mshahara hataki. Ana matope puani na magoti yamechubuka."

Ngiri akatazama magoti yake. Lo! Watoto wa Bi Kindi wakaangua kicheko, naye akatimua mbio, mkia juu, na hivyo ndivyo anavyokimbia hadi leo.

Basi wanangu, mwenye tamaa hulima shamba la mwenzake bila kujua.