Aliyeimba na Aliyepanda

"Aliyeimba huanza mwanzo, aliyepanda huanza popote." Mmeusikia leo kwa mwalimu wenu, mkaja mbio kuniuliza kuimba na kupanda vimekutania wapi. Kaeni basi, msisukumane. Msemo huu una mahali ulipozaliwa, napo ni shuleni Ilindiwe, kule milimani kwenye baridi inayostawisha viazi.

Alikuwapo mwalimu mmoja, Atuganile, aliyekabidhiwa hesabu za Darasa la Tatu B. Tatu A walikuwa wa Mwalimu Mgaya. Huyo Mgaya alijaliwa sauti, jamani! Jedwali la kuzidisha alilitia wimbo: nane mara moja nane, nane mara mbili kumi na sita, hata wanawake waliotoka kuokota kuni walisimama njiani kusikiliza, mizigo kichwani.

Atuganile yeye aliwatoa watoto nje na majembe. Kila mtoto alileta mbegu za viazi kutoka kwao, wakainua matuta nyuma ya darasa, kila tuta mashimo manane. "Matuta matatu yamekula mbegu ngapi?" Wakahesabu moja moja, mikono na udongo. Wiki ya pili akauliza tena. Tukiongeza tuta? Tukiondoa mawili? Tukiyagawa, haya ya wasichana, yale ya wavulana? Hakuwaharakisha. Miezi mitatu ikapita, Tatu A wameshafika jedwali la kumi na mbili, Tatu B bado wako kwenye nane.

Hapo maneno yakaanza. Mama Twilumba alimkuta Atuganile mlangoni mwa darasa, hata salamu hazikuisha.

"Mwalimu, kulima binti yangu atalima kwetu, shamba tunalo. Huku nimemleta ajue hesabu."

"Anajifunza, mama."

"Anajifunza nini? Jana nimemuuliza nane mara sita, akatazama darini kama anatafuta panya! Mtoto wa jirani, aliye kwa Mgaya, kaniimbia mpaka nikacheza."

Siku ileile Mwalimu Mkuu akamwita ofisini. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Darasa lako likiniaibisha, Ijumaa nampa Mgaya. Wewe utafundisha mwandiko."

Mwandiko haukumtisha Atuganile. Lililomkosesha raha ni kwamba watoto wale ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuona hesabu inavyokwenda. Wakiondolewa sasa, ni sawa na kufukua mbegu iliyochipua ili uitazame mzizi. Kisha wazo jingine lilimjia, baya kuliko la kwanza: je, kama mimi ndiye niliyekosea? Kama nimewachelewesha watoto wa watu kwa ukaidi wangu?

Jumatano alishindwa kujizuia. Aliandika wimbo wa Mgaya ubaoni, jedwali zima la nane, awakaririshe hata kwa siku moja. Chaki ilimkatikia mara mbili. Alipogeuka akaona watoto wanamtazama, wanangoja kuulizwa swali, maana ndivyo alivyowazoeza. Akafuta ubao.

Alhamisi mkaguzi akafika, na wazazi wakajipanga madirishani. Alianza Tatu A. Wakaimba, ukuta ukaitika. Mkaguzi akatabasamu, akamnyooshea kidole msichana wa mbele.

"Vizuri. Nane mara saba?"

"Nane mara moja nane, nane mara mbili..."

"Hapana, niambie saba tu."

Mtoto macho yakamtoka. Akaanza upya. "Nane mara moja nane..."

Akaulizwa mwingine, naye akaanzia kulekule. Madirishani watu wakaanza kukohoa. Mgaya alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha wote wakahamia Tatu B, Mgaya naye nyuma. Mkaguzi akapitisha macho, kidole kikamwangukia Twilumba. Atuganile akajiuliza: Kwa nini yeye, katika wote?

"Nane mara saba?"

Twilumba akatazama dari.

"Yaleyale!" mama yake akanong'ona dirishani, kila mtu akasikia.

"Hamsini na nne," akasema mtoto.

Si jibu. Mwalimu Mkuu akavuta pumzi. Atuganile akashika ukingo wa meza. Mkaguzi akafungua kalamu.

"Bwana, usiandike kwanza!" Twilumba akapaza sauti. "Nimekosea shambani. Matuta matano yana arobaini. Yale mawili nimeyapa mbegu saba saba, kumbe ni nane nane. Hamsini na sita."

Mkaguzi akaishusha kalamu. "Na kumi na tatu mara nane? Hiyo mmefundishwa?"

"Bado."

"Basi, kaa."

"Ngoja, bwana. Matuta kumi, themanini. Matatu, ishirini na nne." Akavuta kidole mezani, tuta kwa tuta. "Mia moja na nne."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa bado wanahesabu. Mkaguzi akamgeukia Mgaya. "Mwalimu, wako wanaijua nane nzima. Mbona hawakunijibu?"

Mgaya angeweza kuwalaumu watoto. Hakufanya hivyo. "Aliyeimba huanza mwanzo, bwana," akasema polepole. "Aliyepanda huanza popote."

Mwalimu Mkuu hakutaja tena mwandiko. Ijumaa ilipofika, Atuganile alikuwa darasani mwake, na watoto hao alikwenda nao hadi Darasa la Saba. Jumatatu Mgaya aliwaleta wake kwenye matuta, majembe begani. Mama Twilumba, akipita na kapu lake, akamtania: "Mwalimu, leo hamwimbi?"

"Tutaimba, mama, tukishapanda. Maana aliyeimba huanza mwanzo, aliyepanda huanza popote."