Kisu cha Marehemu na Mkanda wa Fisi

Paukwa, ngozi!
Pakawa, kiatu!

Kaeni kitako, nisikilizeni taratibu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe nne ya Mfungo Sita, saa nne asubuhi, Fisi alipoingia matangani kwa fundi viatu, mume wa Kalunguyeye. Akala pilau, nyafu nyafu! Akala na ukoko. Kisha akanyakua kisu cha marehemu, kile cha kukunja, chenye msumari wa kutobolea ngozi.

"Bwana Fisi, hicho ndicho riziki yangu," akasema mjane.

"Kilikuwa! Utanifanya nini, kibibi cha miiba?"

Kalunguyeye akafuta machozi. Akaapa moyoni: kisu hiki hakilali nje ya nyumba hii.

"Basi kisishikwe mkononi kama muhogo," akasema. "Nikushonee mkanda, ukining'inize kiunoni."

"Nishonee! Na ubane vizuri!"

Mtungini mlikuwa na ngozi mbichi. Marehemu aliiloweka mwenyewe, mauti yakamkuta hajaishona. Kalunguyeye akaitoa, akaazimwa kisu, akatoboa, tu! Tundu moja tu. Akamfunga Fisi kiunoni; bizimu, kile chuma cha kufungia, akaiweka mgongoni, mkono wa Fisi usikofika. Fisi akampokonya kisu, akakikunja, kaa!

"Sasa kaa juani, mkanda ushike umbo lako," akasema Kalunguyeye.

Kila fundi anajua ngozi mbichi ikikauka hujikunyata. Fisi alijua kuila tu.

Jua likawaka. Mkanda ukabana, kree! Pilau likapanda kooni. Kree! Macho yakamtoka.

"Mama, toboa tundu jingine!"

"Toboa mwenyewe. Kisu si chako?"

Fisi akajaribu kukikunjua, kwaru kwaru! Vidole vinene, ukucha butu, kisu hakifunguki. Kree!

"Si changu!"

"Sema wenye matanga wasikie."

"Ni cha marehemu! Ni cha mjane wake! Nakufa, jamani!"

Kalunguyeye akakichukua. Akatia ukucha wake mwembamba, kaa! Akatoboa, tu! Tundu moja, pumzi moja. Ndiyo maana hadi leo fisi ana kiuno chembamba, na nyuma yake imeinama.

Funzo, watoto: mwenye nguvu akitaka kitu chako, mpe, tena mpe na nyongeza. Kalunguyeye alimpa.

Ngano yangu naifunga tundu la mwisho; mwenye yake na afungue.

Ewe Mola, mrehemu fundi aliyeloweka ngozi asijaaliwe kuishona. Uwarehemu na wetu waliotangulia. Amina.