Magunia Manne ya Pumba

Palikuwa na sultani mmoja, Mwinyi Shangama, mjuaji wa kupindukia. Ukimwambia jua limechomoza, atakujibu limechelewa. Siku moja akaonja perege wa kufugwa kutoka bwawani kwa Siwatu, mama mmoja mjane, akalamba vidole vyote kumi, kisha akatoa amri.

"Kuanzia leo pumba itatoka ghalani kwangu, na samaki wote wataletwa mezani kwangu. Nikitoa pumba gunia moja, nataka samaki gunia moja, kwa mizani. Wakipungua, bwawa ni langu!"

Ajabu hiyo! Bwawa lile Siwatu alilichimba kwa jembe lake mwenyewe, misimu miwili, hadi viganja vikaota sugu. Ndilo lililomlisha yeye na wanawe wanne. Akafungua kinywa aseme neno, kumbe askari wamekwisha shusha magunia sita mlangoni. Haya, utafanyaje?

Akalisha. Asubuhi anarusha konzi moja, anatazama. Wakichangamka, anaongeza, wakisusa, anaacha, maana pumba isiyoliwa huoza na kuchafua maji. Hakudokoa hata chembe. Kuku wake walipoinyemelea aliwatimua kwa ufagio, na matusi juu. Miezi sita ikaisha, pumba nayo ikaisha, perege wakavuliwa. Wanono hao, utadhani wamezaliwa ikulu! Wakapelekwa barazani, wakapimwa.

Magunia mawili.

"Mawili?" Sultani aliruka kitini. "Nilitoa sita! Manne yako wapi, mwizi we?"

Siwatu aliogopa, tusidanganyane. Aliwaza wanawe watakula nini. Lakini alipoinua macho akaliona tumbo la sultani limetangulia, mwenyewe anafuata nyuma, kicheko kikampanda. Akakimeza.

"Bwana wangu, kabla hujalichukua bwawa, nina swali dogo."

"Uliza upesi, chakula changu kinapoa."

"Ndicho ninachokiulizia. Miezi sita hii, bwana amekula mchele magunia mangapi?"

Sultani akamtazama mpishi wake, aliyesimama kando na upawa mkononi. Mpishi, masikini, uongo hakuujua.

"Kumi na mawili, bwana. Mbali na mbuzi."

"Yeye na wageni wake?" Siwatu akauliza.

"Peke yake. Wageni wana chungu chao."

"Basi bwana apande mizani, na yeye tumpime."

Watu wakashika vinywa. Lakini sultani, kwa kuwa alijua kila kitu, alijua atashinda. Akapanda. Mizani ikalia ng'wiii. Waziri akaongeza jiwe, akaongeza jingine, akaenda kuazima la tatu jikoni.

"Gunia moja na nusu, bwana," akanong'ona.

"Lo!" Siwatu akapiga makofi. "Kumi na nusu yako wapi? Tumkamate nani?"

Baraza zima likashikwa na kikohozi, kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Mwehu we! Mimi natembea, naamrisha, nagombeza! Chakula kinaishia kwenye kazi!"

"Na perege wangu wanaogelea kutwa kucha, bwana wangu. Hakuna anayewabeba kwa machela."

"Magunia manne hayawezi kuishia kwenye kuogelea! Yaliyobaki je?"

"Kwani ya bwana yaliyobaki huenda wapi?"

Waziri akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mpishi akajifunika uso kwa kitambaa cha jikoni. Sultani akashuka mizani kwa kishindo.

"Yanakokwenda kunajulikana!" akafoka. "Lakini pumba ile ni mali yangu! Nayataka magunia yangu manne, leo hii, yawe katika hali yoyote ile!"

"Hali yoyote ile, bwana wangu?"

"Yoyote! Neno langu halirudi nyuma!"

Siwatu akapiga goti kwa adabu zote. Akamnyang'anya mpishi upawa, akamkabidhi sultani kwa mikono miwili.

"Perege sikuwajengea choo, bwana wangu. Yote yamo mlemle bwawani, sikugusa hata tope. Karibu uchote."