Parachichi la Mama Haliguswi

Wewe unayependa kusema "sheria ni sheria," acha kutafuna kwanza, soma hii mpaka mwisho. Ukimaliza, mpelekee yule ndugu yako ambaye cheo chake kimemzidi kimo.

Mlimani kule Uchagani palikuwa na jamaa akiitwa Kundaeli, msimamizi wa kikosi cha kampuni ya umeme kinachokata miti chini ya nyaya. Akiwasha msumeno wake wa mashine, hata mbwa walifyata mikia. Vijana wake walimwita Mangi, yaani chifu, kwa utani. Yeye aliitika bila utani.

Sheria ya kazi ile ilikuwa fupi. Mwenye mti apewe taarifa kabla. Aelezwe hatari ya waya. Yakatwe matawi yanayoukaribia waya tu, mti ubaki.

Kutoa taarifa, Kundaeli alitoa nyumba kwa nyumba, maana alipenda kusikilizwa. Ila kwenye kukata, mkono wake ulikuwa mrefu kuliko sheria.

Akafika kwa Mama Ndeshi, mjane. Mti wa mringaringa uliokuwa ukitia kivuli kahawa yake aliupanda marehemu mumewe.

"Sikiliza, mama. Waya ukianguka, usiusogelee. Usiguse chochote kilichoguswa na waya, hata kama ni mwanao. Piga simu, subiri tuzime."

"Nimesikia, mwanangu. Basi punguza lile tawi lililoinamia waya."

"Tawi moja? Ili mwakani nije tena kukusalimia? Sheria ni sheria, mama."

Akaukata mpaka kikabaki kisiki. Mama Ndeshi hakulia. Alitazama mibuni yake ikipigwa jua kwa mara ya kwanza, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mama yake Kundaeli. Mparachichi wa pale ulikuwa umeukumbatia waya kama shemeji aliyelewa harusini. Vijana wakasimama, wakatazamana.

"Mangi, na huu je?"

"Parachichi la mama haliguswi. Pandeni gari, mvua inakuja."

"Mvua ipi, Mangi? Mbona jua linatuunguza?"

"Nimesema pandeni gari!"

Wala hakuingia kumsalimu mama yake. Angeingia, ingembidi atoe taarifa, na taarifa ikishatoka, msumeno hufuata.

Mvua ikaja kweli, masika yenyewe. Asubuhi moja tawi la mparachichi likalemewa na maji, likakatika na kuuangusha waya juu ya banda la ng'ombe. Simu ikamkuta Kundaeli ofisini. Sauti ilikuwa ya mwanamke, inahema.

"Waya umeanguka kwa mama yako. Zimeni! Zimeni sasa hivi!"

Kisha simu ikakatika.

Wakazima umeme wa mlima mzima. Gari likapanda likiteleza kwenye tope, na ndani yake hapakuwa na Mangi tena. Palikuwa na mtoto wa mtu. Alikuwa akiwaza jambo moja tu: kijiji kizima kimelisikia somo lake la waya, isipokuwa mtu mmoja.

Alisikia kilio kabla hajaona kitu. Mama yake alikuwa chini kwenye tope, kitenge kimechanika, anapiga mateke. Mama Ndeshi alikuwa amemkumbatia kiuno kwa nyuma, mkono wake unatoka damu palipong'atwa.

"Niachie! Ng'ombe wangu anakufa! Mchawi wewe, una wivu!"

"Tukana, Mama Kundaeli. Tukana mpaka uchoke. Sikuachii."

Bandani ng'ombe alikuwa amelala kwa ubavu, amekwisha kukakamaa. Kamba ambayo mama alitaka kwenda kuifungua ilikuwa bado shingoni, imelowa.

Mama akamwona mwanawe. Akaacha kupiga mateke.

"Kundaeli, huyu anasema wewe ndiye uliyemwambia waya hausogelewi. Mbona mimi hukuniambia?"

Vijana wake wote wakamgeukia. Yule aliyependa kusikilizwa akainama, akamwinua mama yake topeni.

Kesho yake akaenda kwa Mama Ndeshi ameshika jani la sale limefungwa fundo. Mchaga akikuletea jani hilo, anaomba msamaha, na wewe humkatalii. Akapiga magoti kando ya kile kisiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Ndeshi akalichukua jani, akakitazama kisiki. "Yule aliyeupanda mti huu angekutandika kwanza. Mimi nimelipokea. Sasa inuka, kachukue msumeno wako."

"Wa nini, mama?"

"Mparachichi wa mama yako bado umesimama kwenye waya. Na ukate matawi tu, Kundaeli. Nakuja kukuangalia."

Wakaenda wote wawili. Kundaeli akabisha hodi kwa mama yake kama mgeni, kofia mkononi, akampa taarifa neno kwa neno, mwanzo mpaka mwisho. Mama alisikiliza huku akilitazama banda tupu. Kundaeli alipomaliza, mama akasema, "Haya. Kata."

Akakata matawi tu.

Funzo: Sheria ukimzidishia jirani ni uonevu, ukimpunguzia mama yako, unamchimbia kaburi kwa upendo.