Afya ya Mbuzimawe

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa huko nyuma, mnatafuna nini? Mezeni kwanza, hadithi hii haisikilizwi na mdomo uliojaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kupakuliana, palikuwa na mji chini ya jabali. Jabali refu, limesimama wima. Nyuma yake nyika, na nyikani Chui.

Mlinzi wa mji alikuwa Mbuzimawe. Mnamjua? Ni swala mdogo wa majabalini, mwenye kwato ndogo kama kidole gumba. Mahali unapoona hapapandiki, yeye yuko juu anakutazama. Kila asubuhi alipanda jabali, ta, ta, ta, mpaka kileleni. Akaangaza nyikani. Akimwona Chui, anapiga mluzi mrefu, fiiii, na wanyama wote wanaingia mashimoni. Asipomwona, anapiga miwili mifupi, fi, fi. Maana yake shwari, pikeni. Nao wanapika.

Sasa lisikilizeni neno la mji ule, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mnyama akikonda, walisema hana afya. Akinenepa, shavu likajaa, shingo ikapotea, walisema ana afya. Hawakuwa na neno jingine. Na msicheke. Juzi tu nimesikia mtu akimwambia mwenzake, siku hizi una afya, naye akashukuru.

Kwa hiyo walipotaka kumshukuru mlinzi wao, walisema, mpeni afya.

Nyati, mkuu wa mji, alileta samli. Nungunungu alileta chumvi. Lakini fundi wa kutoa afya alikuwa Ngiri, jirani yao. Ngiri alikuwa na karai, na karai halikupoa. Mihogo inaingia, chwaaa. Maandazi yanaingia, chwaaa. Mafuta ya leo yalikuwa yale ya jana, na ya jana yalikuwa yale ya juzi, meusi tii. Ngiri mwenyewe alikuwa na afya kuliko wote. Akicheka, tumbo lilitangulia, yeye akafuata.

Mbuzimawe alikuwa na mke, jina lake Mwanakheri. Desturi ya mji ule, mume hula kwanza. Mwanakheri alibakiwa na mboga. Matembele, kunde, boga la kuchemsha, kipande cha papai. Mwili wake ukawa mwepesi. Kisimani wenziwe walimtazama juu mpaka chini.

"Mwenzetu, mumeo ana afya. Wewe mbona hivyo? Au hamuelewani?"

Mwanakheri aliona haya. Alijitwika maji, akaondoka. Akifika nyumbani alimwongezea mumewe samli juu ya ugali. Alimpenda, na kupenda kwenyewe alikujua hivyo, kwa kuongeza.

Mengine aliyaona. Alimwona mumewe akisimama kupumua kati ya mlango na kitanda. Alimwona akishika kifua.

"Nini tena?"

"Gesi tu."

"Nikuchemshie tangawizi?"

"Niletee ile mihogo ya Ngiri."

Naye akaleta.

Basi siku moja, mchana kweupe, Ngiri alikuwa anageuza mihogo huku anasimulia jambo la kuchekesha. Wenzake wamemzunguka, meno nje. Akafika katikati ya jambo, akanyamaza. Wakamngoja amalizie. Ngiri akaweka mkono kifuani. Akasema, "Hebu nishikieni upawa."

Puu.

Walidhani ni sehemu ya mchezo. Wakacheka. Mihogo ikaanza kuungua karaini, na Ngiri hakuigeuza. Hapo kicheko kikawakauka.

Mji ukapigwa na butwaa. Walimzika, na njia nzima ya kutoka kaburini neno lilikuwa hilo hilo.

"Lakini alikuwa na afya."

"Asubuhi nimemwona, ana afya yake tele."

"Juzi tumeshindana kula, akanishinda."

"Mwenye afya vile afe vile? Haiwezekani. Kuna mkono wa mtu."

Likishatajwa hilo, jamani, macho hutafuta pa kutua. Yakatua kwa Bi Digidigi. Bi Digidigi alikuwa mjane mwembamba, mguu kama ufito, na sahani ya Ngiri alikuwa akiikataa miaka yote.

"Huyu hajawahi kula kwa marehemu," alisema Nungunungu. "Kwa nini?"

"Nilikataa mafuta," alisema Bi Digidigi. "Ngiri sikumkataa. Na mwenyewe nilimwambia, mafuta haya yatakuua."

"Mmesikia? Amekiri kwamba alimwambia."

Nyati akatoa amri. Matanga yakiisha, Bi Digidigi ahame. Mwanakheri alikuwepo. Kitu kilimwasha moyoni, ila hakujua ni nini.

Siku ya pili ya matanga mluzi ulisikika kama kawaida, fi, fi. Shwari. Wakatandika mikeka uwanjani, watoto wakalazwa kivulini. Na chakula cha msiba wakakikaanga wapi? Katika karai la marehemu, kwa mafuta yake yaleyale. Walisema ni kwa heshima yake. Nyati akajaza sahani, akampa Mwanakheri.

"Mpelekee mlinzi. Asije akadhoofika siku hizi za majonzi."

Mwanakheri akaenda jabalini. Alikusudia kusimama chini na kuita. Hakuhitaji kuita. Nyuma ya jiwe la kwanza kabisa, jiwe ambalo hata kuku angelipanda, Mbuzimawe alikuwa ameketi, mgongo jabalini, jasho linamtiririka.

"Mume wangu, umeshuka saa ngapi?"

"Sijapanda."

"Leo hujapanda?"

Mbuzimawe akatazama kwato zake. "Tangu mvua za vuli."

Mwanakheri akaketi kando yake. "Mbona kila siku tunasikia fi, fi?"

"Napigia hapa hapa."

"Na nyika unaionaje ukiwa hapa?"

"Siioni."

Mwanakheri aliwaza watoto waliokuwa wakitumwa kisimani. Aliwaza yeye mwenyewe, mara ngapi amelala usingizi wa mchana mlango wazi. Mji mzima ulikuwa ukiishi kwa mluzi wa mtu anayetazama jiwe. Aliogopa, na pia alikasirika, na hakujua kipi kianze.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kila anayeniona ananiambia nina afya. Mwenye afya atasemaje kwamba jabali limemshinda?" Akapumua kidogo, akaendelea. "Mke wangu, siku hizi mimi nakaa, moyo unakimbia."

Mwanakheri akaweka sikio kifuani pake. Du-du-du-du. Du. Kimya. Mwanakheri akazuia pumzi. Du-du. Ukarudi.

Hakulia. Aliweka sahani chini, akapanda.

Kazi ile ilikuwa ya waume, na tangu aolewe hakuwahi kugusa jiwe la pili. Lakini kwato ni kwato. Ta, ta, ta. Jiwe la tatu. Ta, ta. La saba. Mwili ulikuwa mwepesi, ule ule uliochekwa kisimani, na pumzi zilimtosha. Akafika kileleni, akaangaza nyikani.

Nyikani hapakuwa na Chui.

Akashusha pumzi, akatazama chini, mjini. Chui alikuwa huko. Amekwisha kuvuka kijito, tumbo limegusa nyasi, mkia umetulia. Kati yake na mikeka ya msiba palikuwa na kichaka kimoja.

Mwanakheri akapiga mluzi. Ukatoka upepo mtupu. Akapiga tena.

Fiiiiii!

Jamani, pale uwanjani palichimbika. Sinia huku, kilemba kule, Nyati mwenyewe na ukubwa wake aliingia shimo la Nungunungu, akatoka na miiba. Chui akaruka, akatua palepale alipokuwa amelazwa mtoto mchanga wa Nungunungu. Akakuta mkeka una joto. Mama yake alikuwa amemnyakua kufumba na kufumbua. Chui akageuka kulia, hakuna. Akageuka kushoto, hakuna. Akaondoka amenuna.

Wanyama wakatoka mashimoni. Wakaelekea jabalini kwa nderemo, wamebeba sinia kubwa. Mihogo imepangwa, samli ya Nyati imemiminwa juu inang'aa.

"Mlinzi wetu," alisema Nyati, "msiba mmoja ungekuwa kumi. Umetuokoa. Mpeni afya."

Mwanakheri alikuwa ameshashuka, magoti yana vumbi. Akapokea sinia kwa mikono miwili, kwa adabu. Wote walijua anampakulia mumewe. Akaliinamisha. Mihogo ikamwagika mawe kwa mawe, mpaka wa mwisho.

Watu walibaki midomo wazi. Kumwaga chakula ulichopewa kwa mikono miwili, tena mbele ya mkuu wa mji? Hata mimi ninayewasimulia, mkono wangu ungekataa.

"Mwanakheri," alisema Nyati polepole, "hiyo uliyomwaga ni shukrani ya mji."

Ndipo Mbuzimawe akasimama, ameshika jiwe. "Msimkaripie. Mluzi amepiga yeye. Mimi kule juu sijafika tangu mvua za vuli. Nilikuwa napiga fi, fi nikiwa hapa chini."

Mama mmoja aliwavuta wanawe karibu, akawashika masikio kama anahakikisha wametimia.

"Ulituhadaa," alisema Nyati.

"Niliwahadaa, mzee. Nililipenda lile neno lenu."

Nyati akainua pembe. Alikuwa na haki ya kumfukuza, na wote walijua. Mwanakheri akasimama katikati.

"Kabla hujahukumu, baba, weka sikio hapa."

Nyati akainama. Kichwa kizito kikagusa kifua cha Mbuzimawe. Du-du-du-du. Du. Kimya. Nyati akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto.

"Humo ndani mna nini?"

"Mna samli yako," alisema Mwanakheri. "Mna chumvi ya Nungunungu, na mafuta ya marehemu. Na mkono wangu umo, mimi niliyekuwa naongeza kila jioni. Tulimnenepesha tukiita afya. Unene ni unene, baba. Afya ni kupanda mlima na kushuka, na ukifika chini bado una pumzi ya kupiga soga. Mnatafuta mkono wa mtu uliomuua Ngiri. Mkono wenyewe ni wake, ule ulioshika upawa, pamoja na yetu sote tuliopokea sahani na kumsifu."

Nyati aliweka kwato juu ya kifua chake mwenyewe. Akasikiliza. Alichokisikia hakumwambia mtu, ila aliketi chini, palepale juu ya mihogo. Nungunungu naye akajishika. Akafuata mwingine, na mwingine. Mji mzima ukakaa kimya jabalini, kila mmoja anajisikiliza.

Baadaye Nyati akasogea alipokuwa Bi Digidigi.

"Hutahama," alisema. Kisha akashusha sauti. "Yale matembele yako, unayaungaje?"

"Nyanya, kitunguu, ndimu. Chumvi ya kuonjea tu."

"Na samli?"

"Samli upake pembe, zing'ae."

Mji ule ukabadilika, lakini si kwa siku moja, msidanganywe. Wako waliokula mihogo ya kuchemsha mchana na kujificha na maandazi jioni. Walikutana huko walikojificha, wakaaibishana. Polepole kunde zikarudi masinia ya wageni, na mchicha, na samaki wa kuchoma kutoka kijitoni, na matunda badala ya sukari. Sahani ya shukrani ikawa ndogo, na waume wakala chungu kimoja na wake zao.

Na Mbuzimawe? Hapo nawaambia kweli, ingawa watoto hamtaipenda. Moyo ukichoshwa sana, haurudi wote. Alikula mboga, akatembea kila asubuhi, akapungua. Mwezi wa kwanza alifika jiwe la pili. Mwaka ulipogeuka alifika la tatu. La nne halikuwahi kuwa lake tena. Kileleni alikaa Mwanakheri, na fi, fi ya Mwanakheri ilikuwa ya kweli. Kila mchana mumewe alibeba bakuli la kunde mpaka jiwe la tatu, akaketi kupumua. Mwanakheri akashuka mpaka hapo. Wakala pamoja wakitazama mji chini yao, na hawakuongezana.

Basi, wakubwa na wadogo, funzo ni hili. Chakula kitamu kwa ulimi kinaweza kuwa mzigo kwa moyo. Punguza mafuta, punguza chumvi, punguza sukari, kula mboga na matunda, na miguu uitumie. Na umpendaye usimpime kwa shavu lake. Muulize anapumuaje.

Hadithi yangu imeishia hapo. Uongo wake niachieni mimi, ukweli wake nendeni nao jikoni.