Moshi wa Pilipili Pangoni kwa Fisi

Nawaitia ngano, mpo?
Tupo! Ilete!
Ije na sukari?
Ije ilivyo!

Basi, alikuwepo Pimbi, mjane, na mwanawe wa pekee, Kidoti. Mwaka huo jua liliwaka, mito ikakauka, yakabaki maji ya pangoni tu. Na pangoni alikaa Bi Fisi na mtoto wake mchanga.

Pimbi akaenda kuomba.
"Shikamoo, Bi Fisi. Naomba maji ya mtoto."
"Maji yangu!"
Akaenda tena.
"Shikamoo, Bi Fisi. Tone moja tu."
"Tone langu! Na ukirudi, mwanao kitoweo changu!"

Kidoti akawa hoi, ulimi mkavu. Pimbi akakumbuka siku walipopita penye moto wa pilipili. Yeye alikohoa tu, koho! koho! Lakini Kidoti koo lilimbana, kifua kikapiga mluzi, hwiii, hwiii, nusura afe. Maana njia ya hewa imezungukwa na misuli kama pete. Pilipili ikichoma mishipa ya fahamu, mishipa humwaga chembe zake. Chembe zikitua kwenye vipokezi vya misuli, kama ufunguo kwenye kufuli, pete hukaza. Na kwa mtoto njia yenyewe nyembamba, pete nazo hukaza upesi.

Pimbi akafunga mzigo wa pilipili kavu, akaufunika kwa majani ya kunukia, akapita mbele ya pango akinyata kama mwizi.
"Wee! Umebeba nini?"
"Ubani, bibi. Siutoi, ni wangu."
"Kila kitu changu! Lete!"
"Haya, tia motoni kidogo. Kidogo sana."
"Kidogo? Mimi kidogo sikijui!"
Akaumwaga wote kwenye makaa yake, pu!

Moshi ukajaa pango. Koho! Koho! Bi Fisi akatoka mbio, machozi yakimchuruzika. Nje akashtuka.
"Mwanangu!"

Ndani kukasikika: hwiii, hwiii. Pimbi, kajibanza nyuma ya jiwe, aliujua mluzi ule. Akamwomba Mungu mtoto akohoe, akohoe tu. Hwiii. Hwi. Kimya.

Bi Fisi akajitosa ndani, akatoka naye mdomoni. Akamlaza mchangani, akamlamba pua, akamlamba tena. Kisha akambeba, akaenda zake. Maji hata hakuyatazama.

Moshi ulipoisha, Pimbi akaingia akachota. Kidoti akanywa, gubu, gubu, akafumbua macho.
"Mama, Bi Fisi kahamia wapi?"
"Mbali."
"Na yule mtoto wake? Nitacheza naye?"
"Kunywa maji, mwanangu."
Yeye mwenyewe hakunywa; usiku kucha alikaa macho, akisikiliza kifua cha Kidoti.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye mabega aibebe. Na funzo lake, watoto: mbaya ni mwenye nguvu, mdogo hana kosa, na mwerevu hulala usingizi mnono. Mmesikia?
Tumesikia!
Haya, mkalale kama alivyolala Pimbi.